Vikundi vya marafiki hukuzaje hazina ya makumbusho?

Swali (Kampala): Ndugu zangu, naipenda sana makumbusho yetu ya Kamwokya. Je, kuna mahali ambapo raia wa kawaida waliikuza hazina ya namna hiyo?

Jibu (Jinja): Ndugu, tazama San Francisco, Marekani, ambako mwaka 1958 wapenzi wa sanaa za Asia waliunda chama ili mji upate mkusanyiko wa sanaa wa tajiri Mmarekani Avery Brundage, mwaka 1960 wapiga kura wakaidhinisha mkopo wa jengo la kuutunza, na milango ya makumbusho hiyo ikafunguliwa 1966. Humo mna sanamu ya Buddha ya mwaka 338, shaba iliyopakwa dhahabu, mikono imefumbatana tumboni.

Jibu (Mbale): Naam, lakini wanachama wa kikundi cha marafiki wasome kwanza kuhusu sanaa hizo, ndipo wachangie ununuzi wa kitu ambacho asili yake imethibitishwa.