Tupeane uzoefu: kibali cha kuongeza vyumba kwenye nyumba ya kijijini (Tanzania Bara)

Bikoni
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoshughulika na ardhi, michoro na ujenzi. Habari za nani alizungushwa na ofisi ipi tuziache. Tuweke hatua, vipimo na mambo yanayokwamisha maombi. Naanza na nyaraka.

Kabla ya michoro, jua kama kijiji kimo ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji. Vijiji vingi vya kando ya barabara kuu na vya jirani na makao makuu ya wilaya vimeshaingizwa humo na wenyewe hawana habari. Kikishaingia, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakuhusu na huendelezi ardhi bila idhini ya halmashauri. Nje ya hapo ardhi iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ila bado ulizia mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na sheria ndogo za wilaya. Mtendaji wa kijiji atakupa jibu la awali, la uhakika liko kwa afisa mipango miji.

Umiliki: hati ya hakimiliki ya kimila, au hati ya kawaida kama kiwanja kimepimwa. Shida ni nyumba ambayo bado ina jina la mzee aliyefariki. Hapo msichore kwanza. Pelekeni muhtasari wa kikao cha ukoo mahakama ya mwanzo mpate usimamizi wa mirathi. Fomu Namba 4, ile barua ya usimamizi inayotolewa na mahakama hiyo, ndiyo inayompa msimamizi nguvu ya kusaini maombi.

Mchora ramani
Nakazia. Mafundi wengi huchora vyumba vipya tu, vikaonekana vinaelea. Mchoro wa kwanza ni wa kilichopo: pima nyumba nzima, unene wa kuta, usawa wa sakafu, lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), mtambaapanya (boriti inayobeba paa). Kuta za kubomolewa ziwe za mstari wa kukatika, mpya zipakwe nyekundu. Mchoro wa kiwanja uoneshe mipaka, barabara, choo, karo, kisima na nyumba za majirani.

Kinachorudisha michoro kuliko vyote ni dirisha. Chumba kipya kikiegemezwa ukuta wa nyuma kinaziba dirisha la chumba cha zamani, na afisa afya hapitishi chumba cha gizani. Kipimo kinachotumika sana ni dirisha lisilopungua sehemu ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinataka mita za mraba 1.05. Dirisha la alumini la kuteleza la 1.2 kwa 1.2 linatosha kwa mwanga, lakini hufunguka nusu tu, yaani mita za mraba 0.72 za kupitisha hewa. Mara nyingi dawa ni kukigeuza chumba kile cha zamani kuwa stoo au korido, na mchoro useme hivyo.

Bati Geji
Kwenye paa mchoro wa kukata, unaoonesha nyumba kama imepasuliwa wima, ndio unaosema ukweli. Chukua nyumba ambayo mabati yanaishia mita 2.7 kutoka sakafuni. Ukiendeleza paa mita 3 kwa mteremko wa digrii 10, unapoteza sentimita 53 hivi, kwa hiyo ukuta wa nje unabaki mita 2.17. Mlango wa 2.1 na lenta ya sentimita 20 juu yake unataka 2.3. Hauingii! Hamishia mlango ukuta wa pembeni, karibu na nyumba ya zamani ambako paa bado liko juu, au inua paa la upande wote. Kulaza mteremko zaidi ili upate kimo ni kukaribisha maji, hasa pale mabati mapya yanapoingia chini ya ya zamani. Hapo yapishane vya kutosha.

Mama Njeku
Na baraza kuelekea barabarani, au fremu mbili za duka?

Bikoni
Dada, hapo ndipo watu wanapoumia. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi (eneo lililotengwa kwa barabara) ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani 30 kila upande badala ya 22.5. Unapima kutoka katikati ya barabara, si ukingoni mwa lami. Nyumba iliyokuwa salama zamani inaweza leo kuwa na baraza ndani ya hifadhi. Barabara kuu na za mkoa waulize wakala wake TANROADS, za wilaya TARURA. Upande wa mto, ziwa au bwawa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60.

Fremu ni jambo jingine. Kama hati inasema makazi, omba kwanza kubadili matumizi. Usizifiche kwenye mchoro kwa jina la "stoo". Milango miwili mikubwa inayotazama barabara inajieleza.

Zege Tatu
Msingi. Nyumba ya zamani imeshatulia, mpya bado itashuka kidogo. Ukizishika pamoja kwa nguvu, ufa wa wima unatokea kwenye kiungo. Kuta za tofali za kuchoma zilizojengewa udongo usizitoboe kuchomeka nondo, zinabomoka. Acha mwachano wa milimita 20, ufunike kwa ubao uliopigwa misumari upande mmoja tu. Unapochimba kando ya msingi wa zamani usiufukue wote kwa mpigo: vipande vya mita 1, jaza kimoja ndipo ufungue kingine.

Karo lisimezwe na chumba. Mfuniko ubaki nje, pafikike.

Mama Njeku
Na kupandisha ghorofa?

Zege Tatu
Bila mhandisi, hapana. Achimbe kando ya msingi aone kina na udongo, ndipo itoke michoro ya nondo.

Mchora ramani
Halmashauri nyingi sasa hupokea maombi kwa mfumo wa mtandaoni wa Tausi, na malipo ni kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali). Pesa taslimu usimpe mtu. Kibali kikitoka, mwite mkaguzi kabla ya kumwaga zege la msingi, na nakala yenye mhuri ikae saiti. Ukihamisha ukuta baadaye, mchoro unarudi kuidhinishwa upya, hata kama ni mita moja.