Klorini mbili katika pete za kwinolini: kwa nini moja huondoka na nyingine hubaki?

Swali
Habari za leo, wanajukwaa. Nimesoma kwamba klorokwini, amodiakwini na piperakwini, dawa tatu za malaria, zote huweza kutengenezwa kutokana na kemikali moja ya pete mbili yenye nitrojeni, yaani diklorokwinolini, ambayo ina klorini katika nafasi ya 4 na ya 7. Ikipashwa moto pamoja na amini (kemikali ambayo nitrojeni yake hushambulia kaboni ya pete), klorini ya 4 huondoka, lakini ya 7 haitikisiki. Zote zimeshikwa na kaboni ya pete. Je, tofauti hii inatoka wapi?

Jibu la 1
Ndugu, zichore pete hizo kwenye karatasi, kisha uitazame nitrojeni. Amini inapojishika kwenye kaboni ya 4, elektroni za ziada husukumwa hadi kwenye nitrojeni, ambayo huzibeba bila taabu mpaka klorini ifungashe virago. Kaboni ya 7 iko kwenye pete ya pili, na huko elektroni haziwezi kuifikia nitrojeni.

Jibu la 2
Samahani mwalimu, nina sahihisho dogo. Ukiufuata mchoro hadi mwisho, utaona kwamba hata kutoka nafasi ya 7 elektroni huweza kufika kwenye nitrojeni, ila kwa kuvuruga mpangilio wa pete zote mbili, ilhali kutoka nafasi ya 4 pete ya benzini, yaani ile isiyo na nitrojeni, husalia salama. Isitoshe, klorini inapoondoka hutokea asidi ya haidrokloriki, na protoni yake ikiikalia nitrojeni, pete huzidi kuzitamani elektroni, kwa hiyo mmenyuko huanza polepole kisha hujiharakisha wenyewe.

Klorini ya 7 kubaki ni bahati kwetu. Kimelea hula himoglobini na kuyafungasha mabaki yake yenye sumu katika fuwele; dawa huzuia ufungashaji huo, na klorini hiyo ikiondolewa, nguvu ya dawa hupungua sana.

Jibu la 3
Kwa upande wa vitendo, piperakwini ndiyo yenye mtego. Amini yake, piperazini, ni pete yenye nitrojeni mbili, na kila moja iko tayari kuishambulia diklorokwinolini. Ukipima kiasi sawa cha kemikali hizo mbili, baadhi ya piperazini itabeba kwinolini huku na huku, na uchafu huo ulinichosha kuusafisha nilipoujaribu mara ya kwanza, kwa sababu nilibana matumizi ya piperazini nikidhani ninaokoa fedha. Weka piperazini nyingi kupita kiasi, ioshe iliyobaki kwa maji, ndipo uziunganishe nusu mbili, kila moja piperazini yenye kwinolini moja, kwa mnyororo wa kaboni tatu.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimechora tena kama alivyosema ndugu wa jibu la 2, na kweli nitrojeni inafikika kutoka nafasi ya 7. Je, klorini ya nafasi ya 2 nayo ingeondoka kwa urahisi?

Jibu la 2
Naam, kwa sababu ileile.