Mdogo wangu anasema marehemu baba hayupo popote: nimjibu nini kabla ya arobaini?

Bintimzizima (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu katika jambo linaloigawa familia yetu hapa Temeke. Baba yetu, aliyekuwa Mwislamu, amefariki hivi karibuni. Mama ni Mkatoliki, na katika ndoa yao kila mmoja aliiheshimu ibada ya mwenzake. Tumepanga kumsomea baba dua ya arobaini nyumbani, na mama kwa upande wake ataomba marehemu atajwe katika misa parokiani kwake.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko chuo kikuu na siku hizi anasoma sana falsafa, ameyakataa yote mawili. Anasema Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuonyesha kwamba maadamu sisi tupo, mauti hayapo, na mauti yakifika, sisi hatupo. Kwa hiyo hakuna baba wa kuombewa, na tunachokifanya ni kujiliwaza. Maneno hayo aliyasema mbele ya baba mdogo, ambaye sasa anadai kijana amekufuru na kwamba asionekane siku ya arobaini. Mama ameumia kwa pande zote mbili. Sipendi kumkemea mdogo wangu, kwa sababu naona anauliza kwa dhati, na baadhi ya maswali yake yananisumbua hata mimi. Nimjibu nini, na ni maandishi gani ninayoweza kuyasoma pamoja naye?

Babu wa Gerezani

Poleni sana na msiba, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Nianze na baba yako mdogo, kwa sababu amechanganya mambo mawili. Kutohudhuria arobaini si kukufuru. Wapo masheikh wanaoona kwamba hitima na arobaini ni mambo yaliyozushwa baadaye, na wapo wanaoyaona kuwa ni mema, nao wote huswali katika safu moja. Kinachogusa itikadi ni ile kauli kwamba baba hayupo popote, maana Qurani, katika Suratul-Muuminun aya ya 100, inaitaja barzakhi iliyoko baina ya mauti na siku ya kufufuliwa.

Hata hivyo, mjadala wa kijana si mgeni kwetu. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali aliwasoma wanafalsafa kwa makini kabla ya kuwapinga, kisha mwaka 1095 akakamilisha kitabu ambamo aliwahukumu, pamoja na mengine, kwa kukana ufufuo wa miili. Baadaye Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi wa Cordoba, aliandika kitabu kizima kumjibu. Mambo makubwa namna hii yalijibiwa kwa hoja na kalamu, na mdogo wako anastahili kujibiwa vivyo hivyo. Mkumbushe baba mdogo ile hadithi ya Mtume kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Akimfukuza mtoto leo, anaufunga mlango ambao marehemu angeweza kufaidika nao kesho.

Mkazi wa Mbezi

Mimi siamini kwamba kuna maisha baada ya kifo, na ninaona kijana anasakamwa kwa kusema anachokifikiri. Lucretius, mshairi wa Kirumi aliyemfuata Epicurus, aliuliza kwa nini tuuogope wakati utakaokuja baada yetu, ilhali ule uliopita kabla hatujazaliwa haukutuumiza. Sijaona jibu lililoniridhisha. Mwacheni asihudhurie, kumketisha katika dua asiyoiamini ni kumfundisha unafiki.

Mwalimu wa Jioni

Dada, pole. Ninakubaliana na Mkazi wa Mbezi kwamba kijana asilazimishwe, lakini ninadhani yeye na mdogo wako wameitumia hoja ya Epicurus mahali ambapo haikukusudiwa.

Epicurus, aliyeishi kuanzia mwaka 341 hadi 270 kabla ya Kristo, alimwandikia mwanafunzi wake Menoeceus maneno hayo ili kumwondolea hofu ya kifo chake mwenyewe. Hoja yenyewe inasimama juu ya kuhisi: jema na baya huwa jema na baya kwa mtu anayehisi, na aliyekufa hahisi. Inaweza kumtosha anayeogopa kufa. Mama yako, hata hivyo, haogopi kufa; amefiwa, naye yu hai na anahisi. Kumwambia mjane kwamba kifo si kitu kwa marehemu ni kulijibu swali ambalo hakuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa mdogo wako alisome kwa macho yake. Wosia wa Epicurus umehifadhiwa na Diogenes Laertius, mwandishi wa kale, katika sehemu ya kumi ya kitabu chake cha maisha ya wanafalsafa. Humo mwanafalsafa huyo anaagiza kwamba sehemu ya mapato ya mali yake itumike kwa sadaka za kuwakumbuka baba yake, mama yake na ndugu zake, na kwamba wanafunzi wake waendelee kukutana tarehe 20 ya kila mwezi kwa ajili ya kumkumbuka yeye na rafiki yake Metrodorus. Mtu aliyefundisha kwamba roho husambaratika pamoja na mwili ndiye huyo huyo aliyeagiza wafu wake wakumbukwe kwa siku maalumu na kwa watu kukusanyika. Hakuona kwamba anajipinga, kwa sababu swali la mahali alipo marehemu ni moja, na swali la wajibu wetu kwake ni jingine. Nadhani mdogo wako ameruka kutoka la kwanza hadi la pili bila kuona pengo lililo katikati.

Mkipata nafasi, someni pamoja Phaedo ya Plato, inayosimulia saa za mwisho za Socrates mwaka 399 kabla ya Kristo. Humo rafiki yake Simmias anamwuliza mzee huyo aliye karibu kunywa sumu: je, roho si kama muziki wa kinubi, ambao hukoma kinubi kinapovunjika? Socrates hakasiriki. Anajibu kwa subira, na kwa kweli baadhi ya majibu yake ni dhaifu. Mwacheni kijana ayachambue.

Mwanaparokia wa Chang'ombe

Kuhusu mama, niseme kwa ufupi. Kanisa Katoliki huwaombea marehemu wote, na tarehe 2 Novemba imetengwa kwa ajili yao. Imani hiyo haimdai mama aache kulia. Katika Yohana 11 Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia machozi. Mwambie mdogo wako kwamba misa hiyo si namna ya mama kukwepa ukweli wa kifo.

Msomaji wa Magomeni

Naongeza upande wa fasihi, kwa kuwa hakuna aliyeugusa, na kwa maoni yangu ndipo mlango wa kijana huyu ulipo.

Mpe Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anausemesha moyo wake na kuuonyesha magofu ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya: majumba ya matajiri yaliyokuwa yaking'aa kwa taa, na madaka ya sahani za kauri ambayo sasa ni viota vya ndege. Utenzi unaishia kwenye adhabu za Jahannamu, na huenda hapo mdogo wako asimfuate mshairi; lakini ule mwendo wa kuuhoji moyo unaokataa kusadiki kwamba utakufa unamhusu kila mtu. Halafu soma naye shairi ambalo Shaaban Robert alimtungia marehemu mkewe Amina, akimwombea akubaliwe peponi na kusema kwamba mapenzi waliyoyafunga hapana wa kuyafungua.

John Mbiti, kasisi na mwanazuoni wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika marehemu hubaki karibu, ndani ya wakati alioupa jina la Sasa, maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Wa mwisho wao akifa, marehemu huzama katika Zamani. Mbiti amepingwa sana kwa aliyoyasema juu ya Waafrika na wakati ujao, na wapinzani wake walikuwa na haki. Lakini katika hili naona aliona mbali.

Kichwamaji ya Kezilahabi, ya mwaka 1974, iwekeni kando kwa sasa. Ni riwaya kubwa na kijana ataipenda, ila mhusika wake mkuu anaishia kujiua, na nyumba yenye msiba mbichi haihitaji maongezi hayo.

Bintimzizima

Nawashukuru wote kwa dhati. Usiku nilimsomea mdogo wangu maneno ya Mwalimu wa Jioni kuhusu wosia. Alinyamaza, kisha akaomba autafute mwenyewe. Amesema dua hataitikia, kwa sababu haiamini, lakini yuko tayari kuwapokea wageni na kuwasomea wasifu wa baba atakaouandika yeye. Babu wa Gerezani, je, jambo hilo linaruhusiwa, na nilipeleke vipi kwa baba mdogo bila kuonekana ninamfundisha dini?

Babu wa Gerezani

Hakuna ubaya wowote, binti yangu, mradi wasifu usomwe baada ya dua na uwe wa kweli. Kwa baba yako mdogo usiende peke yako wala usianze na hoja. Nenda na mtu mzima wa rika lake, shangazi yenu akiwepo ni bora zaidi, kisha mwombe baba mdogo mwenyewe amsaidie kijana kwa habari za utoto wa marehemu, maana ninyi watoto hamkuuona.