Mwanangu kakosa alama mbili: kukuna nazi na kuzima chokaa. Nani mwenye haki?

FundiWaMalindi aliandika:

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwashi, niko hapa Mjini, Unguja. Kazi yangu kubwa ni nyumba za Mji Mkongwe: kubandua plasta iliyooza, kuziba nyufa, kupiga plasta mpya ya chokaa. Skuli nimeishia kidato cha pili na kemia yenyewe nilikuwa naikimbia, kwa hiyo mnistahamilie.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Juzi karudi na karatasi ya jaribio, kanuna, hata chai hakunywa. Walipewa vitu kumi, waseme kipi ni badiliko la kiumbo na kipi la kikemikali. Kapata vinane. Viwili alivyokosa ndivyo vilivyonileta hapa.

Cha kwanza ni kukuna nazi. Kaandika "kikemikali". Nikamuuliza kwa nini, akanifungulia daftari. Wameandikishwa kwamba badiliko la kiumbo hurudi lilivyokuwa, kama barafu na maji, na la kikemikali halirudi, kama karatasi iliyoungua. "Sasa baba, nazi ikishakunwa inarudi kifuuni?" Nikakosa la kusema.

Cha pili ni kuzima chokaa, yaani kuimwagia maji chokaa iliyotoka tanuuni. Kaandika "kiumbo", na hapa lawama ni yangu, maana usiku ule aliniuliza kama chokaa inarudi kuwa jiwe, nikamwambia ndiyo, inarudi. Na inarudi kweli. Mimi nimekulia kwenye tanuu na marehemu baba. Tunapanga magogo duara, juu tunarundika mawe ya matumbawe, moto tunautia katikati. Jiwe linaingia zito, linatoka jepesi kama muhogo mkavu. Ukilimwagia maji linafoka mvuke, linapasuka, linavimba, na maji yanatokota pale pale bila ukuni hata mmoja. Likishatulia unapata uji mweupe, laini kama samli. Uji huo ukiupaka ukutani, njoo baada ya miaka uugonge kwa nyundo: jiwe.

Kwa hiyo mtoto kafuata kanuni aliyopewa, kakosa nazi kwa kuifuata na kakosa chokaa kwa kuifuata. Nimwambie nini? Kwenda skuli kugombana na mwalimu sitaki, ni kijana mstaarabu na watoto wanampenda.

---

Kijana_wa_Mkoani aliandika:

Yakhe, mimi kemia nilitoka na alama ya kuona aibu, lakini nasubiri jibu la hili. Sisi nasi tuliambiwa hivyo hivyo, "likirudi, lisiporudi". Nilikuwa najiuliza, yai nikilivunja tu bila kulikaanga linarudi vipi?

---

Maalim_Mstaafu aliandika:

Wa alaykum salaam, fundi. Nimesomesha kemia miaka mingi, Unguja na Pemba, na kosa hili nimelisahihisha mpaka kalamu nyekundu zikaisha. Tena niseme ukweli, miaka yangu ya mwanzo na mimi nilikuwa nawaandikisha hivyo hivyo.

Majibu ya mwalimu ni sahihi. Kukuna nazi ni badiliko la kiumbo, na kuzima chokaa ni la kikemikali. Mbovu ni ile kanuni. Inapendwa kwa sababu ni fupi na kwa barafu na karatasi inafanya kazi. Ukiipeleka jikoni au kwenye tanuu inavunjika.

Swali la kuuliza ni moja: je, kimepatikana kitu kingine ambacho mwanzo hakikuwapo? Nazi uliyoikuna ni nazi. Mafuta yake ni yale yale, maji yake ni yale yale, kilichobadilika ni ukubwa wa vipande. Hata ukikamua tui ukabaki na machicha, umetenganisha tu vilivyokuwamo. Kurudi au kutorudi hakuhusiki.

Sasa njoo kwenye chokaa yako, na hapa nataka umwonyeshe binti hesabu, maana ni hesabu tamu. Tumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Chukua kilo 100 zake zikiwa safi. Moto wa tanuu ukifika kiasi cha nyuzi 900, zinatoka humo kilo 44 za hewa ukaa, zinakwenda zake na moshi. Unabaki na kilo 56 za kalsiamu oksidi, hiyo mnayoiita chokaa hai. Ndio maana jiwe lako linatoka jepesi. Baba yako alikuwa anapima kemia kwa kiganja.

Ukizima, zile kilo 56 zinakunywa kilo 18 za maji na kuyafanya sehemu ya mwili wao. Unapata kilo 74 za kalsiamu hidroksidi. Joto linalotoka ni la huko kuungana. Maji mengine uliyoyazidisha ama yanaruka mvuke, ama yanabaki ndani ya uji kuulainisha. Na hapo ndani ya pipa moja mna mambo mawili kwa wakati mmoja: chokaa kuungana na maji ni kikemikali, na yale maji ya ziada kuchemka ni kiumbo, kwa sababu mvuke ni maji. Watoto wakiona povu na moshi huandika "kikemikali" kwa kila kitu. Birika nalo linatoa povu.

Halafu ukutani: kilo 74 zinavuta kutoka hewani kilo 44 za hewa ukaa, zinaachia kilo 18 za maji, unarudi kwenye kilo 100 za kalsiamu kabonati. Ulipoanzia pale pale. Kwa hiyo ulimwambia binti kweli, chokaa inarudi jiwe. Lakini imerudi kwa njia ya mabadiliko matatu ya kikemikali, na kila kituo ilikuwa kitu kingine.

---

FundiWaMalindi aliandika:

Maalim, Mungu akuweke. Hapo pa ukutani umenishika. Maisha yangu yote nasema "plasta imekauka". Kumbe haikauki?

---

Maalim_Mstaafu aliandika:

Inakauka pia, lakini kukauka siko kunakoifanya iwe jiwe. Jiulize mwenyewe: kwa nini mnafunika plasta ya chokaa kwa magunia ya maji wakati wa jua kali?

---

FundiWaMalindi aliandika:

Kwa sababu ikikauka haraka inakuwa unga, ukipitisha mkono inapukutika.

---

Maalim_Mstaafu aliandika:

Basi umejibu. Hewa ukaa inaingia kwenye chokaa kwa kupitia unyevu. Maji yakikimbia mapema, chokaa inabaki hidroksidi iliyokauka, haijageuka. Hilo binti hatalikuta kwenye kitabu chake.

---

BiKarafuu_Wete aliandika:

Samahani kaka zangu, niingie kidogo. Sisi huku Pemba ugomvi wetu ni wa karafuu. Mwanangu kaandika kuanika karafuu ni kiumbo, eti maji tu yanatoka. Mimi nikamwambia, mbona ikichumwa ni ya kijani na wekundu, ikishakaa juani siku kadhaa ni ya kahawia iliyokoza? Na harufu si ile. Kilo tatu mbichi hazizidi sana kilo moja kavu, hilo la maji nakubali, lakini ile rangi imetoka wapi? Na zile zinazopigwa na mvua zikakaa rundo usiku kucha, zikavunda, zinapauka hata mnunuzi hazitaki.

---

Maalim_Mstaafu aliandika:

Dada yangu, wewe na mwanao nyote mna haki. Maji kutoka ni kiumbo. Rangi kugeuka kahawia ni kikemikali, ni jambo la namna moja na embe au ndizi uliyoikata ukaiacha wazi. Na kuvunda ni kikemikali kabisa, kuna vijidudu vinakula. Vitu vya Mungu havijipangi kwenye safu mbili za mtihani. Mwalimu mzuri angeuliza, "Ni mabadiliko gani yanatokea karafuu inapoanikwa?" halafu angengoja.

Na kwa kuwa umetaja karafuu, wape watoto hili. Makonyo, vile vijiti vya karafuu, yanapokamuliwa mafuta kwa mvuke, kule ni kiumbo: mafuta yalikuwamo, mvuke umeyabeba, yamepozwa, yametengana na maji. Ila tazama yanapokaa. Mafuta ya nazi yanaelea juu ya maji, ya karafuu yanazama chini. Yale ya nazi asubuhi za kipupwe yanaganda kwenye chupa, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi kama 24 tu. Kuzama, kuelea, kuganda, rangi, harufu, ugumu: hizo ndizo sifa za kiumbo, unazijua bila ya kukigeuza kitu. Sifa ya kikemikali huijui mpaka ukitoe mhanga. Kwamba mafuta yanawaka, utajua ukiyawasha, na uliyoyawasha hayapo tena.

---

Kijana_wa_Mkoani aliandika:

Maalim, nakubali yote, lakini hiyo hewa ukaa haionekani. Mtoto ataamini vipi kwamba imetoka kwenye jiwe ikarudi ukutani? Mimi nisingeamini.

---

Maalim_Mstaafu aliandika:

Usiamini. Fundi, una vitu vyote karibu yako. Chukua kipande cha tumbawe, kibanzi cha plasta kongwe ulichobandua, na uji wa chokaa uliokaa chini ya maji kwenye shimo lako. Visafishe hivyo viwili vya kwanza vumbi. Kamulia ndimu juu ya kila kimoja, au siki, halafu sikiliza. Uji ushike wewe, mtoto asiuguse, na macho yawe mbali. Wewe unajua unavyochoma. Chokaa hai usiilete kabisa kwenye mchezo huu. Ukimaliza tuandikie.

---

FundiWaMalindi aliandika:

Nimerudi. Tumefanya jana alasiri uani, binti, mdogo wake, na watoto wawili wa jirani waliosikia kuna vurugu.

Tumbawe: tone la kwanza tu likaanza kuchemka povu dogo dogo, *sss*, kama soda uliyoifungua. Plasta kongwe, hii nimeibandua kwenye nyumba ambayo hata mwenyewe hajui babu yake aliinunua kwa nani: ikafoka ile ile, sauti ile ile. Uji wa chokaa: kimya. Tukatia ndimu ya pili. Kimya. Ukashikana kidogo kama maziwa yaliyoingia ndimu, lakini povu hapana.

Binti kakaa kimya muda. Halafu akasema, "Kwa hiyo kwenye uji hewa haimo, ilitoka kwenye tanuu. Kwenye plasta imo, imerudi." Maalim, mimi uji huo nimeushika tangu sijaota ndevu na sikuwahi kulijua hilo.

Kisha akaniuliza langu mimi. Hizi nyumba zetu chini ya kuta kunachipuka unga mweupe, plasta inavimba na kudondoka. Wenye nyumba wananiambia "chokaa yako mbovu", wanaleta mtu anapiga saruji, na baada ya masika mawili ukuta unaliwa mpaka kwenye jiwe. Binti akaukwangua ule unga, akautia ndimu: hakuna povu. Akautia kwenye kikombe cha maji: ukayeyuka wote, maji yakawa meupe yanayoonekana mpaka chini. Akayamwaga kwenye sahani, akaiweka juani. Leo asubuhi sahani ina chembe zinang'ara. Chumvi. Inapanda na unyevu kutoka chini, maji yanakauka, yenyewe inaganda ndani ya vitundu vya ukuta, inatanuka na kusukuma. Saruji inaufungia unyevu humo humo, unatafuta pa kutokea kwenye jiwe.

Akanitazama akasema, "Na hili baba ni la kiumbo. Chumvi ni ile ile, inayeyuka na kuganda tu." Basi linalobomoa ukuta ni la kiumbo, na linaloujenga ni la kikemikali. Miaka yote nasingiziwa chokaa.

Karatasi kairudisha skuli pamoja na kibanzi cha plasta na ndimu moja mfukoni. Alama hakuongezewa, na hakuziomba. Mwalimu kamwambia arudie mbele ya darasa wiki ijayo, na kaniomba nilete uji kwenye kopo lenye kifuniko.

Tatizo lililobaki ni mama yake. Ndimu zilikuwa saba, za mchuzi wa leo, na sasa zimebaki mbili.