Mrejesho: "hike", "trek" au "climb" kwenye kipeperushi chetu

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zilizopita niliuliza: naongoza wageni hapa Moshi na naandika kipeperushi, nitumie lipi kati ya "hike", "trek" na "climb", maana sisi yote tunasema kupanda mlima.

Asanteni sana, hasa dada aliyeniambia niangalie mgeni atalala wapi. Hapo ndipo nilipopata mwanga. Maporomoko ya Materuni tunaenda asubuhi, jioni tuko mjini: "hike". Njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro ni siku tano au sita, tunalala kwenye vibanda vya mlimani vya Mandara, Horombo na Kibo: "trek". Neno hili nimelipenda mno, lilitoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini na safari zao ndefu za magari ya kukokotwa na ng'ombe.

"Climb" ndilo lililonisumbua. Mgeni mmoja aliliona akaogopa, akauliza kama atafungwa kamba! Lakini Waingereza wenyewe husema "climb Kilimanjaro", ingawa njia za kawaida hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni za kutembea kwa miguu. Basi nimeliacha juu kwenye kichwa, na chini yake nimeeleza wazi kwamba kamba hazihitajiki. Jana kimekwenda kuchapwa.