Kupima madhara ya kubeti kwa bodaboda: PGSI inatosha? Na pesa ya kampuni nichukue?

afya_rockcity
Wakuu, habari zenu. Naandaa pendekezo la utafiti wa madhara ya kubeti kwa waendesha bodaboda wa miaka 18 hadi 35, wilaya za Ilemela na Nyamagana, Mwanza. Mpango wangu ni maswali 9 ya PGSI (kipimo cha ukali wa tatizo la kamari), watu 384, mahojiano ya ana kwa ana vijiweni, kisha nitoe asilimia ya waraibu. Naomba ushauri kwa mambo matatu. Je, PGSI peke yake inatosha? Pesa wanazotumia nizipimeje, maana kila mtu anakumbuka siku mkeka (tiketi ya mechi kadhaa) ulipotiki, mikeka iliyochanika haikumbuki? Na la tatu, kuna kampuni ya kubashiri imejitolea kulipia ukusanyaji wa data na kunipa takwimu za wateja wake. Msimamizi wangu anaona ni unafuu.

takwimu_dodoma
Mkuu, hiyo 384 inatokana na fomula ya 50% na kosa la ±5%, ikichukulia kwamba umechagua watu mmoja mmoja kwa kubahatisha. Wewe unakwenda vijiweni. Watu wa kijiwe kimoja wanafanana: wanashinda pamoja, wanapeana mikeka, wanakopeshana. Chukua vijiwe 40, watu 16 kila kijiwe. Ukikadiria mfanano wa ndani ya kijiwe kuwa 0.03, athari ya makundi (sampuli iongezwe mara ngapi) ni 1 + (15 × 0.03), yaani 1.45. Weka 1.5. 384 × 1.5 = 576; gawanya kwa 0.9 kufidia watakaokataa, unapata 640, ambayo ndiyo 40 × 16. Orodha ya vijiwe iombe kwa viongozi wa umoja wa bodaboda kata kwa kata, uchague kwa uwiano wa idadi ya wanachama. Ukienda vile tu vilivyo jirani na maduka ya kubeti umeshaharibu.

Na hata 640 si wengi hivyo. Wenye alama 8 na kuendelea wakiwa 4%, hao ni watu 26 tu. Ukianza kuwagawa kwa umri, ndoa na elimu, kila kisanduku kinabaki na watu wawili watatu.

Sasa PGSI yenyewe. Ilitengenezwa Kanada, 2001, kwa ajili ya tafiti za watu wa kawaida, si kumpima mgonjwa kliniki. Kila jibu ni 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27: 0 hana tatizo, 1–2 hatari ndogo, 3–7 hatari ya kati, 8 na zaidi tatizo kubwa. Kwa hiyo neno "waraibu" litoe kabisa kwenye kichwa cha utafiti. Chombo hiki hakikupi ruhusa ya kulitumia. Mambo yanayoharibika mara nyingi ni haya:

Kigawanyo, yaani asilimia ya nani. Maswali haya wanaulizwa waliocheza ndani ya miezi 12 tu. Ukipata 12% kati ya wachezaji, na nusu ya sampuli ndiyo inayocheza, basi ni 6% ya bodaboda wote. Andika namba zote mbili kwenye sentensi moja, la sivyo gazeti litachukua ile kubwa.

Kurudisha hasara. Swali la asili linauliza kama ulirudi *siku nyingine* kutafuta pesa uliyoliwa. Anayecheza Aviator (mchezo wa mtandaoni wa raundi fupifupi) anaitafuta ndani ya dakika hiyohiyo, kwa hiyo atajibu "hapana" kwa haki kabisa. Usilibadilishe, maana utapoteza ulinganifu na tafiti nyingine. Liache, kisha baada yake weka lako: "uliongeza dau papo hapo ili kurudisha?"

Mkopo. Wengi hawahesabu Songesha ya M-Pesa kuwa ni mkopo. Taja moja moja: Songesha, kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa), hesabu ya bosi (pesa ya mwenye pikipiki), mchezo wa kijiweni (wa kuchangiana pesa).

Swali la kuchuja lisianze na "unacheza kamari?" Mtu wa mkeka atakataa. Orodhesha: mikeka ya mpira, jakpoti, Aviator, mashine za dubwi (za sarafu), bahati nasibu, kasino. Jaribu dodoso kwa watu 10 hadi 15, uwaombe wakueleze kwa maneno yao kila swali linauliza nini, kabla hujaingia vijiweni.

Kuhusu ana kwa ana: Uingereza walipohamia kwenye utafiti wa kujijazia wenyewe, kiwango cha alama 8+ kilitoka chini ya 1% kwenye tafiti za afya za ana kwa ana hadi 2.5%. Sehemu ya tofauti ni aibu kupungua. Sehemu nyingine yaweza kuwa kwamba dodoso lenye jina la kamari linavuta wanaocheza zaidi. Somo kwako: mpe mtu kishikwambi ajaze mwenyewe sehemu nyeti, kwa sauti ya kurekodiwa na spika za masikioni kama kusoma kunamsumbua, na utafiti uuite "afya na matumizi ya fedha ya waendesha bodaboda".

nyanza_data
Naongeza kuhusu pesa, nikiwa upande wa Kenya. Usiulize "unatumia ngapi kwa wiki". Mmoja atakupa jumla ya madau, mwingine alichoweka, mwingine alichopoteza, na hizo ni namba tatu tofauti. Unachotaka ni pesa iliyoingia kwenye akaunti ya kubeti ukitoa iliyotoka, kwa siku 30.

Njia inayofanya kazi ni taarifa ya miamala ya simu. Mhojiwa anaishika simu yake mwenyewe, anatafuta malipo ya kampuni za kubeti (huku kwetu nambari za Paybill, kwenu lipa bili na namba ya kampuni), anakusomea kiasi na tarehe. Karani anaandika jumla tu: zilizoingia, zilizotoka, idadi ya miamala, mingapi ilifanyika kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, na mingapi ilifuata mkopo wa simu ndani ya saa moja. Hakuna kupiga picha ya skrini, hakuna kuandika namba ya simu. Sheria yenu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa hapo moja kwa moja. Uliza pia kuhusu laini ya pili, na kuhusu taslimu ya dubwi, maana hizo hazitaonekana.

Wastani usiutegemee, wachache wenye hasara kubwa wataupandisha. Toa namba ya katikati (median) na za robo (quartile). Watafiti waliotumia data za benki Uingereza, 2021, watu wapatao milioni 6.5, waliweza kuonyesha kwamba kadiri sehemu ya matumizi inayokwenda kwenye kamari inavyopanda ndivyo madeni na hata vifo vinavyopanda. Hilo halionekani ukiwa na "mara chache / mara nyingi" peke yake.

Pia tenganisha aina za mchezo. Kampuni ikijikatia 6% kwa kila mechi, mkeka wa mechi 10 unamrudishia mchezaji wastani wa 54% tu, kwa sababu 0.94 inazidishwa mara kumi. Mchezo wa raundi kama Aviator unaotangaza kurudisha 97% unaonekana wa huruma, lakini dau la 500 kwa raundi 120 ni 60,000 iliyozunguka na 1,800 iliyopotea kwa wastani, ndani ya saa moja kama raundi ni mbili kwa dakika. Kesho tena. Rekodi kasi na saa za kucheza, usiishie kwenye "anabeti/habeti".

sista_jamii
Naona wote mnamzungumzia mchezaji. Makadirio ya Australia ni kwamba mtu mmoja mwenye tatizo kubwa anaathiri wengine 6. Weka moduli fupi kwa wake, akina mama na wamiliki wa pikipiki: ada imechelewa? kuna kitu cha ndani kimeuzwa? hesabu ya bosi imekosekana mara ngapi? Usimhoji mke wa mtu uliyemhoji kijiweni bila kufikiria atakayoyakuta nyumbani. Chukua sampuli yake kando.

Kupima madhara, ongeza maswali 10 ya ndiyo/hapana ya kipimo kifupi cha madhara ya kamari kilichotoka Australia. Yanawanasa watu wa alama 1 hadi 7 ambao ukihesabu alama 8+ za PGSI tu unawaacha. Tume ya Lancet Public Health, 2024, ilikadiria watu wazima milioni 448.7 duniani wenye angalau dalili moja ya hatari, na kati yao milioni 80 ndio wenye ugonjwa wa kamari. Ukihesabu waliofika mwisho tu, umewaacha zaidi ya milioni 360.

Ukitumia PHQ-9, dodoso la kupima sonona, swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru. Huwezi kuliuliza halafu ukafunga kishikwambi. Kabla ya kuomba kibali NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), uwe na utaratibu ulioandikwa: nani anapigiwa simu siku hiyohiyo, kliniki gani ya afya ya akili inampokea, nauli inatoka fungu gani.

mwanasera_pwani
La kampuni: usichukue. Si suala la wewe kuwa mwaminifu au la. Mwaka 1998 watafiti wawili walichambua mapitio ya kisayansi kuhusu moshi wa sigara kwa wasiovuta. Yale ambayo waandishi walikuwa na uhusiano na kampuni za tumbaku, 94% yalisema moshi hauna madhara. Yasiyo na uhusiano huo, 13%. Uhusiano na kampuni ulitabiri hitimisho kuliko ubora wa makala.

Kwenye kubeti haitakuja kama rushwa. Itakuja kama mapendekezo: ongeza maswali ya elimu ya fedha, punguza ya matangazo, tumia lugha ya "cheza kistaarabu". Ukimaliza, utafiti wako utaonyesha tatizo ni kijana asiyejizuia, na hakuna atakayeuliza mchezo umeundwa ukimbie kasi gani au kwa nini bonasi inafika saa nane usiku. Uingereza, baada ya miaka ya michango ya hiari, waliweka tozo ya lazima kwa kampuni za kamari kuanzia Aprili 2025: 20% utafiti, 30% kinga, 50% tiba, na kampuni hazichagui nani apewe.

takwimu_dodoma
Nakubali kuhusu pesa. Ila data za wateja ni dhahabu, mkuu. Achukue data, akatae pesa.

mwanasera_pwani
Aombe, kwa maandishi: data ghafi za miamala yote, si "sampuli wakilishi" waliyoichagua wao, hakuna kuona ripoti kabla ya kuchapishwa, hakuna kifungu cha kuzuia uchapishaji. Wakikubali yote matatu, sawa. Kwa kawaida mazungumzo yanaishia kwenye la kwanza.

afya_rockcity
Asanteni sana. Wakigoma, nitapata wapi picha ya upande wa kampuni?

mwanasera_pwani
Tembea. Chagua mitaa 20, hesabu maduka, mashine na mabango ndani ya mita 300 kutoka kila kijiwe na kila shule, kwa GPS. Rekodi mechi kadhaa za ligi ya nyumbani na za Uingereza, uhesabu nembo za kubeti kwa dakika. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuondoa kampuni za kubeti kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26, lakini mikono ya jezi na mabango ya uwanjani hayamo, kwa hiyo usihesabu kifua peke yake.

nyanza_data
Na ukitaka kutumia mapato ya kodi kama kipimo cha ukubwa wa soko, soma sheria ya kila mwaka kwanza. Kenya, 2025, ushuru ulihama kutoka 15% ya dau kwenda 5% ya pesa inayowekwa kwenye akaunti. Mchoro wa mapato utavunjika hapo hata kama wachezaji hawajapungua hata mmoja.