Tiketi uliyouziwa na mtu mtandaoni: onyesho likiahirishwa, nani arudishe hela?

Mama Chuno
Naomba tulijadili hili. Mdogo wangu yuko hapa Mtwara, alinunua tiketi mbili za onyesho la Dar kwenye ukurasa unaouza tiketi za watu waliokosa nafasi ya kwenda. Bei ilizidi ya mlangoni, na juu yake wakakata ada ya huduma. Onyesho likaahirishwa yeye ameshakata basi. Huduma kwa wateja wanajibu ujumbe ule ule kila akiuliza: "Sisi tunawakutanisha tu, wasiliana na muuzaji." Muuzaji hapokei simu. Waandaaji wanasema hela inarudi kwenye namba iliyolipia mwanzo, yaani ya huyo huyo muuzaji! Kwa hiyo aliyeuza kalipwa mara mbili, mdogo wangu kabaki na picha ya tiketi. Ukurasa uliochukua ada hauna wajibu?

Mbagala Rangi Tatu
Pole dada, lakini huyo alinunua kwa mlanguzi. Tiketi za waandaaji zilikuwepo wiki nzima. Ila nyie wa Kusini hela za korosho zikishaingia bei hamuulizi.

Wa Newala
Korosho imeingiaje hapa? Umewahi kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, wewe? Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika, anasubiri mnada, anasubiri malipo, makato kibao, halafu mtu amekaa Mbagala anasema hatuulizi bei. Omba radhi.

Mbagala Rangi Tatu
Siombi. Nimesema kweli, watu wananunua bila kuuliza.

Msafiri wa Mingoyo
Mnamwonea mnunuzi. Wewe wa Mbagala unaweza kusogea hadi mlangoni. Sisi ni mamia ya kilomita, hupandi basi bila tiketi mkononi, na zikishakwisha za waandaaji unanunua kwa mtu. Dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ile ile ya mchezo, ikaja kuchezwa Juni 25. Waliotoka huku, nauli na gesti nani aliwarudishia? Na tarehe ikishasogea ndipo tiketi za kuuza tena zinapojaa, maana wengi hawawezi kurudi.

Mtanda Lindi
Uingereza kuuza tena tiketi bila idhini ni kosa la jinai tangu 1994. Sisi tunachekeana tu na walanguzi.

Kijana wa Ligula
Mkuu, hiyo ya 1994 ni ya mpira. Matamasha hayamo, ndiyo maana Novemba 2025 serikali yao ilitangaza itazuia kuuza zaidi ya bei ya mwanzo. Halafu kuuza tena peke yake si wizi. FIFA wenyewe kwa Kombe la Dunia la 2026 waliweka soko lao la kuuziana, kwa ada ya asilimia 15 kwa mnunuzi na 15 kwa muuzaji. Ila kule tiketi inahamia kwenye akaunti ya mnunuzi. Huku mtu anatumiwa picha, mwenye tiketi bado ni yule wa kwanza. Tatizo liko hapo.

Wa Newala
15 huku na 15 kule? Hao ni kangomba wenye ofisi, kama wale wanaonunua korosho za wakulima kwa magendo.

Nyangao
Kangomba mwacheni. Msimu haujafika, mtoto anatakiwa shule, AMCOS haina hela, benki haikujui. Nani anakupa fedha siku hiyo hiyo? Mwaka 2018 tuliambiwa korosho kilo moja shilingi 3,300, tukashangilia, kisha ukaja uhakiki wa mashamba na wakulima halali wakakaa wakisubiri malipo. Wakati ule mlimtukana kangomba huku mnamtafuta usiku.

Wa Newala
Anakupa hela siku hiyo kwa bei ya kutupa, na anapima kwa bakuli lake! Mzee Nyangao, baba yangu aliuza korosho zikiwa bado maua mtini. Msimu ulipofika alivuna mali ya mtu mwingine kwenye shamba lake mwenyewe. Usinitetee hao watu.

Mbagala Rangi Tatu
Sasa mnaona? Mwenyewe anasema baba aliuza bila kuuliza bei.

Wa Newala
Mtaje tena baba yangu uone.

Mtanda Lindi
Jamani, wazazi wasiguswe. Mbagala, hilo futa.

Kijana wa Ligula
Mama Chuno, ada aliwalipa kwa namba yao au ya muuzaji? Kama ni yao, atunze ujumbe wa muamala na aandikie Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda pia mlaji.

Mama Chuno
Hela yote ilipita kwenye namba yao, ada na bei ya tiketi. Ndiyo maana nasema wao si wapita njia. Waliipokea, wakakata yao, wakampelekea mtu ambaye wao ndio wanamjua, sisi hata jina lake kamili hatuna. Wamtafute wao. Jana wamemjibu kwamba watarudisha ada "kwa nia njema". Ada! Na bei ya tiketi je?

Nyangao
Aikatae hiyo ada peke yake, adai yote. Na wewe wa Newala, baba yako alipokuwa na shida hiyo AMCOS yenu ilimkopesha shilingi ngapi? Nijibu hilo kwanza.